Kundi la Tatu Lisiondoke

Juzi niliingia duka moja mjini Kisii kutoa fotokopi ya kitambulisho. Mashine ilipoanza kunguruma na kutoa ile harufu ya karatasi iliyopashwa moto, nikashindwa kumjibu dada aliyeniuliza nataka nakala ngapi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Nyaramba, nina miaka kumi na mmoja, nimekaa juu ya stuli ya mbao katika ofisi ndogo ya mama, na sielewi kitu. Hilo la kutoelewa ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Nawaambia ninyi kwa sababu nikilisema nyumbani wananicheka.

Mama alikuwa na biashara ya kuchapa barua na kutoa fotokopi pale sokoni. Kompyuta zilikuwa mbili, kuukuu, zenye visogo vikubwa, kila moja imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi mweupe. Siku za soko zilikuwa za wateja. Siku nyingine mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, hakuna mtu aliyekuja, na mama alituruhusu tucheze mpaka saa kumi na moja. Ijumaa tulijua tusiombe hata dakika moja. Sisi ni Wasabato, na kabla jua halijazama mama alikuwa ameshazima kila kitu, hadi redio.

Kaka yangu Nyakundi alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, kidato cha kwanza, na nilikuwa simtambui. Aliondoka akiwa mtoto wa kwetu, akarudi na sauti ya kukwaruza na Sheng nyingi, Ekegusii, lugha yetu, hataki hata kukisikia. Nikimsalimia kwa Ekegusii ananijibu "poa." Mezani alikula macho yakiwa kwenye sahani. Mahali pekee aliponisemesha ni mbele ya mchezo wa vita aliokuja nao kwenye diski, mchezo wa kujenga miji na kuongoza majeshi. Aliunganisha kompyuta zile mbili kwa waya, yeye akawa na mji wake na mimi wangu, tukipigana bega kwa bega na maadui wawili walioendeshwa na kompyuta yenyewe. Nilimpenda kaka yangu kupita kiasi, jamani, na ile stuli kando yake niliilinda kama yai.

Shida ni kwamba nilikuwa bure kabisa. Kila mara tulipigwa, na kila mara kisa kilikuwa mimi. Ombati, mtoto wa jirani, alikuwa akichungulia mlangoni kila siku, mikono nyuma, akingoja. Siku moja Nyakundi akatoa sharti.

"Manze Moraa, unaniangusha. Una wiki mbili ujue makundi. Jumapili ya mwisho tukipigwa kwa sababu yako, Ombati anakalia hiyo stuli."

Makundi yenyewe yalikuwa hivi. Unawachagua wapiga mikuki, unashikilia kitufe cha kontrol na kubonyeza moja. Wamekuwa kundi la kwanza. Wapiga mishale unawapa mbili, wapanda farasi tatu. Tangu hapo, hata ukiwa unaangalia pembe ya mbali ya ramani, ukibonyeza namba tu bila kontrol, kundi linaitika na unalituma utakako. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vidole vyangu ilikuwa balaa. Nilisahau kuachilia kontrol, nikibonyeza mbili kuwaita wapiga mishale, kumbe wale wa mikuki niliokuwa nimewashika ndio wanakuwa kundi la pili, na wapiga mishale wangu wamebaki nyikani bila namba, bila mwenyewe. Niliwatafuta kwenye ramani hadi macho yakanitoka machozi. Niliandika namba kwenye kucha kwa kalamu ya wino. Nikinawa mikono ya kula ugali, jeshi lote limefutika.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la vidole. Mji ukishambuliwa, mchezo ulipiga baragumu. Sasa niambieni, ninyi mliolelewa kama mimi: kwetu nduru ikipigwa, nani hubaki amekaa? Nimemwona mama akiacha unga nusu kwenye sufuria na kukimbia mteremkoni mikono ikiwa myeupe, kwa sababu tu ng'ombe wa jirani ameanguka mtaroni. Wachumaji chai huacha vikapu katikati ya mistari. Anayechelewa huulizwa alikuwa wapi, na jibu lake hukumbukwa miaka. Kwa hiyo baragumu likilia nilibonyeza moja, mbili, tatu, nikawatuma wote, na wakulima wangu nikawaongeza juu, na wanawake wa kuchuma matunda na vikapu vyao. Tulikimbia kijiji kizima kumfukuza mpanda farasi mmoja mchokozi, na huku nyuma maadui wakaingia kwenye mji mtupu wakauchoma kwa starehe.

"Kundi la tatu lisiondoke!" Nyakundi alipiga meza hadi mama akakohoa. "Hata iweje. Hata usikie nini. Kundi la tatu ni la nyumbani."

"Hata mtu akiuawa?"

"Hata akiuawa."

"Hata akiwa wetu?"

"Moraa! Asiyesikia la mkuu..."

Huvunjika guu, nilijua. Lakini nilikwenda kulala nimechanganyikiwa, maana sikuelewa ni jeshi la namna gani hilo la kukaa na kutazama. Kwa wiki mbili nilijifunza kukaa. Baragumu likilia niliuma mdomo na kukalia mkono wa kushoto. Nilijifunza kutuma kundi la kwanza peke yake, kisha la pili, na kuwaacha farasi wamesimama langoni wakitikisa mikia. Vidole navyo vikazoea. Siku ya Alhamisi Nyakundi aliniangalia, akasema, "Si mbaya." Nilitembea na maneno hayo mawili hadi Sabato ikaisha.

Jumapili ikafika. Mvua, mabati, Ombati mlangoni, mama anapanga faili. Tulianza vizuri mno. Halafu maadui wote wawili wakaacha mji wangu, wakamwangukia Nyakundi kwa pamoja. Baragumu likalia kwenye kompyuta yake. Nikatuma kundi la kwanza. Likaisha. Nikatuma la pili. Likapungua. La tatu lilikuwa langoni kwangu, farasi ishirini wenye afya, na kutoka hapo hadi kwa kaka hapakuwa mbali.

"Moraa, njoo," akasema.

Nikadhani ananijaribu. Nikakalia mkono.

"Moraa, kuja basi!"

Nikijua sheria, nikisikia naitwa, sikujua lipi ndilo lipi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile ya kabla hajaenda shule, "Moraa, inchwo." Njoo, kwa Ekegusii. Likizo nzima hakuwa amesema neno hata moja la nyumbani. Nikalisikia vizuri. Nikatazama farasi wangu ishirini, na sikubonyeza kitu.

Mji wake ukaungua. Kompyuta yake ikamwandikia kwamba ameshindwa. Maadui, wamechoka na kupungua, wakaja kwangu, wakakutana na kundi la tatu langoni. Niliwamaliza mmoja mmoja. Wiki mbili za mazoezi, zote zikafanya kazi. Ombati alipiga makofi. Mama akainua kichwa akauliza, "Nani ameshinda?"

Niligeuka nimejaa furaha kama mjinga. Nyakundi alikuwa amekaa tu.

"Mbona hukuja?"

"Ulisema lisiondoke."

"Ni kweli," akasema. "Stuli ni yako." Akafunika kompyuta yake kwa kile kitambaa, akatoka kwenye mvua. Siku zilizobaki alikwenda kuchuma chai na shangazi, naye hapendi kuchuma chai. Nilicheza peke yangu na nikashinda kila siku. Sikuelewa kosa langu. Nilisikia la mkuu, guu likavunjika vilevile!

Ilinichukua miaka kujua mengine. Tukiwa watu wazima, tukimenya ndizi kwenye harusi ya binamu, Nyakundi aliniambia kwamba mwaka ule, bwenini, wanafunzi wakubwa walikuwa wakimpiga, naye akipiga kelele na vitanda arobaini vimejaa watu. Hakuna aliyeinuka. Hakumwambia mama. Alilisema hivyo tu, akachukua ndizi nyingine, nami sikuthubutu kumuuliza kama anaikumbuka ile Jumapili.

Mimi naikumbuka. Nilidhani wiki zile mbili nilikuwa nikipigania stuli. Uongo. Nilikuwa nataka kaka yangu arudi, anisemeshe kama zamani, hata neno moja. Naye alilisema, aliniita, na nilikuwa nimekaa hapohapo, bega langu likigusa lake.