Dakika Moja ya Afande Soli

Fundi wetu wa viatu tunamwita Afande Soli. Nusu ya jina aliipata jeshini, nusu kwenye kibanda chake cha mabati kando ya posta. Mkewe alishafariki, binti yake anaishi mbali na hupiga simu akikumbuka. Mtaa nao humkumbuka Siku ya Mashujaa peke yake. Siku hiyo tunamkalisha kiti cha mbele, tunampigia makofi, tunampa soda yenye moto wa jua, kisha tunamrudisha kwenye soli zake kama kombe linavyorudishwa kabatini.

Zamani viti vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa cha Tarumbeta, mpiga tarumbeta wa kikosi chao, mtu pekee aliyebaki wa kumwambia, "Muongo mkubwa wee, siku ile ulitimua mbio kuliko mimi!" Walikuwa wakicheka mpaka meno ya bandia yanataka kuwatoka. Tarumbeta alifariki msimu wa mvua. Waliomzika walienea kwenye pikapu moja, na bado nafasi ikabaki.

Kwa hiyo mwaka huu Afande alikuwa na haja moja tu: mwenzake atajwe kwenye kipaza sauti. Alikwenda mwenyewe ofisi ya mtaa kumwambia mshereheshaji.

"Ondoa shaka, baba," alijibu yule bwana, macho kwenye simu.

Siku ikafika. Afande akakaa mbele, kofia ya Tarumbeta ameiweka kwenye kiti cha pembeni. Kila aliyeuliza kama pana mtu, alimjibu, "Yupo." Mheshimiwa mgeni rasmi akahutubia mpaka bendera yenyewe ikalegea. "Uzalendo ni kujitoa!" akanguruma, huku mwavuli wake ameshikiwa na mtu aliyelowa jasho.

Ndipo mshereheshaji akatangaza: "Tusimame dakika moja, tumkumbuke shujaa wetu aliyetutoka mwaka huu, Afande Soli!"

Tukasimama. Afande naye akasimama, maana amri ni amri. Kifua mbele, mikono ubavuni, akajiombolezea. Dakika yenyewe haikufika hata nusu. Mpiga muziki alikuwa na haraka.

Akamfuata mshereheshaji nyuma ya jukwaa. "Mwanangu, aliyekufa ni Tarumbeta. Soli ndiye mimi."

Yule bwana akampima juu mpaka chini. "Una uhakika?"

"Nimetoka nyumbani kwa miguu yangu."

"Dah! Tusamehe, baba. Ila ratiba imeshapita hapo. Mwakani tutarekebisha."

"Na mwakani nikiwa sipo?"

"Basi itakuwa imekaa sawa."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, wazalendo wa fulana zenye bendera, kisha wakakimbilia foleni ya chakula.

Uwanja ukabaki na wapakiaji wakipandanisha viti vya plastiki. Afande alikuwa amesimama mbele ya kile chenye kofia.

"Mzee, na hicho tubebe?"

"Ngoja kidogo. Kina mtu."

Mpakiaji akaitazama kofia, akamtazama mzee. "Haya. Lakini gari linaondoka."

Afande akavuta pumzi, akaliita jina la mwenzake kwa sauti ya gwaride. Muziki uliokuwa bado ukivuma kwenye spika ukalimeza. Hakurudia. Akapiga saluti, akatulia vile vile, mkono kwenye kipaji cha uso, dakika nzima bila kupunguza. Mpakiaji alishachoka kusubiri, akaenda zake.

Halafu Afande akaivaa ile kofia juu ya kofia yake, akakibeba kiti mwenyewe hadi kwenye lori.