Redio ya Zuhura

Jana nilipita kwa fundi redio, nikanusa kasha la ngozi lililokaa juani, na wivu ukanishika upya kana kwamba bado nina miaka kumi na sita. Msinicheke. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, lakini harufu ile ya ngozi ya moto inanirudisha moja kwa moja kwenye bweni letu la chuo cha ualimu, Tabora, miaka ile ya Ujamaa.

Mwenye kasha kama lile alikuwa Zuhura, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Tabora mjini. Kitanda chake kilipakana na changu. Mimi nilitoka kijijini Kigwa na sanduku la bati na shuka mbili. Yeye alikuja na redio ndani ya kasha lake la ngozi, zawadi ya baba yake. Kiingereza kilikuwa kikimpiga chenga, na mkuu wa chuo alikwisha kutuonya: atakayeanguka Kiingereza mwisho wa muhula atarudi kwao. Basi kila siku saa kumi alasiri Zuhura alifungulia kipindi cha masomo, akaweka daftari magotini, akawa anayafuata maneno kwa midomo bila kutoa sauti.

"Njoo tusikilize wote, mwenzangu," aliniambia siku ya kwanza.

Nikamjibu nina nguo za kufua. Nguo zenyewe zilikuwa mbili.

Sikutaka kukaribishwa, nilitaka iwe yangu. Nilichukia anavyoipangusa kwa pindo la khanga, anavyoanika betri zilizochoka juani ili zipate nguvu, hata anavyocheka peke yake mtangazaji akitania. Roho iliniuma hadi ugali ukanishinda, na mimi ugali haukuwa kawaida yake kunishinda.

Kwenye mkutano wa bweni wa Jumamosi nikanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "sisi ni walimu wa taifa la kijamaa. Tunalima pamoja, tunakula pamoja, tunalala pamoja. Iweje chombo cha elimu kiwe cha mtu mmoja?"

Nilipigiwa makofi mpaka nikajiona kiongozi. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono, na Zuhura naye akanyoosha wake. Redio ikahamia meza ya katikati, nami nikachaguliwa katibu wa kamati ya redio.

Kuanzia hapo tuliamua kwa kura tusikilize nini. Saa kumi masomo yalikuwa stesheni moja, muziki wa dansi stesheni nyingine, na kila siku dansi ilishinda. Zuhura alinyoosha mkono peke yake, daftari likiwa tayari, nami nikatangaza kwa sauti ya kikatibu, "Masomo, kura moja." Naungama kwenu, nilisikia raha. Haikuchukua mwezi betri zikafa kabisa, hata jua halikuzisaidia. Wenye redio tulikuwa bweni zima, wa kununua betri hakuonekana.

Zuhura alianguka Kiingereza.

Asubuhi ya kuondoka baba yake alimfuata na baiskeli. Nikaichukua redio mezani nikampelekea, macho chini.

"Si ya bweni hiyo?" Zuhura aliuliza, wala hakuwa na kejeli. "Iache. Mtaipatia betri."

Nilimwamkia baba yake shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, akanishukuru kwa kukaa vizuri na binti yake. Kisha akafunga godoro nyuma ya baiskeli, wakaondoka kwa miguu, baba akiisukuma.

Nimefundisha mpaka nikastaafu, na kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa kutamani kitu cha mwenzangu. Wala. Redio ilipokaa pale mezani sikuwahi hata kuisogelea nisikilize. Nilichotaka ni yeye asiwe nayo. Hotuba yangu bado naikumbuka neno kwa neno. Haina neno hata moja la uongo, na nisingeitoa kamwe kama redio ingekuwa yangu.