Mama Radhi Ajifunza Kuelea

Kwa miaka ishirini na sita, kila maji yalipokatika mjini, wa kwanza kutukanwa alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani ya kamba, ambaye maishani mwake hajawahi kushika spana. Hakuwa fundi. Hakuwa mhandisi. Kazi yake ilikuwa kuomba radhi. Kwenye kadi yake waliandika Mkuu wa Kitengo cha Mawasiliano na Wateja, lakini kampuni nzima ya maji, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, ilimwita Mama Radhi, naye akaitika, maana alishachoka kuwasahihisha.

Radhi zenyewe hakuwa akizitunga upya kila siku. Nani ana muda huo? Alikuwa nazo tayari, kumi na moja, zimepangwa kwenye faili la bluu kama dawa kabatini. Namba Moja ilikuwa ya matengenezo ya kawaida. Namba Nne, bomba limepasuka. Namba Saba, umeme umekatika kwenye pampu, kwa hiyo nendeni mkawatukane watu wa umeme. Mfalme wao alikuwa Namba Kumi na Moja: "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu," ambayo kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kwamba hata sisi hatujui kilichotokea. Zote ziliishia na sentensi ile ile: mafundi wako njiani. Njia hiyo ilikuwa ndefu mno. Kuna mafundi waliokuwa njiani tangu binti yake yuko darasa la pili, na sasa binti ana mume.

Nyumbani kwake namba hizo zilishakuwa lugha. Mumewe, fundi saa mwenye kibanda chake pembeni ya benki, akiunguza wali alitoa kichwa jikoni na kutangaza, "Namba Nne!" Binti enzi zake akichelewa kurudi, alivua viatu mlangoni na kunong'ona, "Namba Kumi na Moja, mama." Na Mama Radhi, badala ya kugomba, alijikuta anajibu, "Tunashukuru kwa uvumilivu wako."

Mshahara ulikuwa mnono, na hilo lisemwe wazi, maana kuna watu hupenda kujifanya pesa hazina harufu. Kulikuwa na gari la ofisi na dereva wake, matibabu ya familia nzima, na kiyoyozi kilichokuwa baridi mpaka alikuwa na koti la kazini na shali la akiba. Presha ndiyo alipewa bure. Daktari alimpima mkono wa kulia, akampima wa kushoto, akavua kifaa na kukaa chini.

"Mama, presha hii ingekuwa kwenye mabomba yenu, mji mzima ungeoga."

Ndipo likaja tangazo. Kampuni inapunguza watu. Yeyote aliyefikisha miaka hamsini na miwili anaweza kuomba kustaafu mapema kwa hiari, alipwe kiinua mgongo chake na pensheni yake, aende zake kwa amani. Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Kila mtu alijua tangazo lile limewalenga wazembe. Wazembe wakalisoma, wakalikunja, wakajipepea nalo. Aliyechukua fomu, akaificha ndani ya pochi kama mtu aliyeiba kijiko hotelini, ni Mama Radhi. Miaka yake ilikuwa hamsini na mitatu.

Jumatatu jioni akaiweka mezani baada ya kula. Alikuwepo mumewe, na alikuwepo mdogo wake wa kike, ambaye kila mwaka hufungua biashara mpya na kila mwaka dada yake hugharamia maziko ya biashara hiyo.

Mdogo mtu alisoma kichwa cha fomu akashika kifua. "Dada! Umerogwa? Mshahara ule watu wanaufungia na kuuombea, wewe unataka kuurudisha? Utakaa nyumbani ufanye nini, uhesabu kunguru?"

"Aje tuhesabu wote," alisema fundi saa. "Mimi nimefika mia mbili na kitu."

"Shemeji, mimi sitanii."

"Na mimi sitanii. Kunguru wa benki ni wengi."

Mama Radhi akamgeukia. "Baba watoto, wewe unasemaje? Sema kweli."

Mzee alivuta kiti. "Mtu akiniletea saa, siangalii inasema saa ngapi. Naiweka sikioni, nasikiliza inavyolia. Wewe siku hizi unalia vibaya. Juzi usingizini umeniambia mafundi wako njiani. Nilikuwa nimekuomba usogee tu, umebana shuka."

Mdogo mtu akacheka bila kupenda, kisha akajirekebisha. "Haya, tuseme umeacha. Kitu gani hasa unachokitaka, dada, ambacho huwezi kukifanya ukiwa na mshahara?"

Mama Radhi alisita. Alifuta miwani. Akaifuta tena, ingawa ilikuwa safi.

"Kuogelea."

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Lakini fikiria wewe mwenyewe: miaka ishirini na sita ndani ya kampuni ya maji, na maji ya kina kirefu kuliko yote aliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni. Chuo cha ualimu kilikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na darasa la kina mama, Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi. Kila wiki alipita hapo ndani ya gari la ofisi, simu mbili masikioni, akawaona wanawake wa umri wake wanatoka nywele mbichi wakicheka ovyo. Kwa nini wanacheka? Swali hilo lilimkaa moyoni mwaka wa tatu sasa.

"Basi nenda siku moja ukajaribu," mumewe alisema. "Fomu inataka jibu Ijumaa. Alhamisi iko kabla ya Ijumaa, tangu nianze kutengeneza saa haijawahi kubadilika."

Alhamisi saa tatu na nusu alimwambia dereva, "Kuna mkutano wa wadau."

"Wadau wa nini, mama?"

"Wa maji."

Hakusema uongo hata kidogo. Wadau walikuwa saba, wakiwa wamevaa kofia za mpira zilizowafanya wafanane na mayai ya rangi mbalimbali. Kocha alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kengele ya shule. Mama Radhi alizifunga simu zake ndani ya mfuko wa nailoni, akaziingiza kwenye kiatu ukingoni mwa bwawa, akashuka ngazi akiwa ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Maji ukiyavulia nguo, mama," kocha alisema.

"Mimi hapa nimeyavulia miwani tu. Usinikimbize."

"Lala chali. Nimekushika mgongo. Legeza shingo."

"Shingo hii imebana simu miaka ishirini na sita."

"Legeza tu. Maji hayana namba yako."

Akalegeza. Masikio yakazama, na dunia ikazimwa kama redio. Aliona paa la bati, na shimo moja dogo kwenye bati linaloingiza jua. Hakuna aliyekuwa anamuuliza maji yatarudi lini, kwa kuwa maji yalikuwepo, tena yamembeba yeye mzima, na presha yake, na mdogo wake, na biashara zote za mdogo wake. Baadaye aligundua kuwa kocha alishaondoa mkono kitambo.

Aliposimama, alikuwa anacheka. Ovyo. Sababu hakuijua na hakuitafuta.

Mama mmoja mwenye kofia ya njano, mpishi wa hospitali, alikuwa amesimama ukingoni. "Bibi wewe, kiatu chako kina mapepo. Kimetetemeka mpaka kimetembea chenyewe, nimekidaka kikitaka kujitupa majini."

Simu zilizopigwa bila kupokelewa zilikuwa thelathini na moja. Kumi na tisa za Mkurugenzi.

Bomba kuu lilikuwa limepasuka saa nne na dakika tano. Mtangazaji wa redio akampigia Mkurugenzi, moja kwa moja, mji mzima unasikiliza. Mkurugenzi akatuma mtu akalete faili la bluu. Faili lilikuwa ndani ya droo. Droo ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa ndani ya pochi, pochi imening'inia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha chuo cha ualimu. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, mzee wa watu akabaki na maikrofoni, jasho, na ukweli.

Dereva alimsimulia yote huku akiendesha, kwa furaha isiyofaa hata kidogo kwa mwajiriwa. "Mama, kasema! Kaulizwa kwa nini limepasuka, kajibu: 'Limeoza. Tulijua tangu mwaka juzi. Pesa ya kulibadilisha tukajengea geti la ofisi.' Kaulizwa mafundi wako wapi, kasema: 'Hawako njiani. Gari lao halina matairi mawili.'"

Mama Radhi alifumba macho. Aliuona mji unawaka moto. Aliwaona watu wanabeba geti begani. "Halafu?"

"Halafu watu wakaanza kupiga simu. Wa kwanza kasema, 'Angalau leo mmetuheshimu.' Wa pili ni mwenye gereji, kasema matairi anayo, njooni. Saa hizi mafundi wako njiani, mama. Kwa miguu yangu nimewaona."

"Kwa macho yako."

"Na kwa macho."

Mama Radhi alijihisi kama mtu aliyebeba mwavuli maisha yake yote, leo akautua na kugundua kwamba mvua ilikuwa inatoka ndani ya mwavuli.

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi alimwita. Alikuwa amevaa tai mbili. Moja aliisahau, akafunga nyingine juu yake.

"Dada yangu," alianza, "nimesikia umechukua fomu. Ile fomu haikuwa yako! Nakuongezea nusu ya mshahara. Nakupa ofisi ya kona, yenye choo chake. Ila usiniache tena na maikrofoni."

"Mbona watu wamekupenda, bosi? Tumepata mpaka matairi."

"Watu wamenipenda. Bodi haijanipenda."

Nusu ya mshahara juu ya mshahara si maneno ya kupuuza, na Mama Radhi hakuyapuuza. Alirudi mezani kwake akakaa na kiyoyozi chake. Mdogo wake akapiga simu kusema amepata wazo zuri sana la duka la maua. Binti akatuma ujumbe: mama fanya unavyotaka, ila usije ukahamia kwangu. Mumewe hakupiga wala hakutuma chochote. Saa tisa u nusu akaitoa fomu.

Jina aliandika. Tarehe ya kuzaliwa aliandika. Ikafika mahali panapouliza: Sababu za kuomba kustaafu mapema. Mkono wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukaandika kwa mwandiko mzuri, "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Alipoishia kwenye nukta ndipo akasoma.

Alitazama sentensi ile muda mrefu kidogo. Kisha akatoka mbio, akiwa na koti na shali, mpaka kwa afisa utumishi, mwanamume makini anayekula karanga moja moja.

"Nipe fomu nyingine. Hii nimeharibu."

"Mama, imebaki dakika tisa."

"Ndiyo maana nakimbia."

Akaijaza amesimama, fomu ikiwa juu ya kabati la mafaili. Afisa utumishi akaipokea, akaipitia kwa kidole, kidole kikasimama. "'Nimechoka, na nimejifunza kuelea.' Mama Radhi, hii si sababu."

"Ni sababu ya kwanza ya kweli kutoka kwenye kitengo changu. Gonga mhuri."

Akagonga.

Mwezi wa notisi ukapita. Faili la bluu na ufunguo wake akamkabidhi aliyekuwa msaidizi wake, msichana mwenye akili nyingi na usingizi, kwa wakati huo, wa kutosha. Jumanne ya kwanza ya uhuru akatoka nyumbani kwa miguu, taulo begani, kofia mpya ya kijani mfukoni. Simu ilikuwa moja tu. Alipofika chuoni akawakuta wenzake wamesimama nje ya bwawa, vichwa vya mayai, mlangoni pamebandikwa karatasi.

*Hakuna maji. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu.*

"Namba Kumi na Moja!" Mama Radhi alisema, na wenzake wakadhani anahesabu kitu. Alichomoa simu, akapiga namba ambayo yeye mwenyewe aliipokea kwa robo karne. Ikapokelewa.

"Mawasiliano na wateja, habari za asubuhi. Tunafahamu tatizo lako, mafundi wako njia—"

"Wewe! Usiniombe radhi, na usinitajie njia! Hiyo njia nimeilima mimi! Mimi ni mteja, nalipa bili, niko hapa na taulo, nataka kuogelea! Maji yanarudi lini?"

Sauti ikawa ndogo: "Mama? Ni wewe?"

"Ni mteja!"

"Pampu imekufa, mteja. Kifaa kinafika kesho jioni. Keshokutwa asubuhi yatakuwepo."

"Haya! Kumbe unaweza. Ahsante, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Kata simu ukanywe."

Moyo ulikuwa unamdunda, lakini kwa namna nzuri, kama wa mtu aliyetoka kucheza. Alikuwa hajui kabisa kwamba kufoka kuna utamu namna ile. Watu walikuwa wanamnyima tu.

"Alhamisi," akawatangazia mayai. Kocha akatazama bwawa, lililomwagwa kusafishwa na kubaki kavu, akatazama wanafunzi wake, akatandika mikeka kwenye varanda. Na hivyo ndivyo wanawake wanane walivyolala kifudifudi pakavu, wakapiga miguu hewani saa nzima, mpishi wa hospitali akimpiga Mama Radhi mateke ya mbavu kila mara, na hakuna hata mmoja aliyeomba radhi.