Bibi Aliyewasalimia Wakwe Zake

Binti yetu alipohitimu masomo Japani, miaka ile magari ya mitumba ya huko yalipoanza kujaza foleni yetu ya mpakani Tunduma, mimi na mke wangu tulikwenda kumwona. Mjini Nagoya alitupeleka kwenye hekalu kongwe la Kishinto, dini yao ya jadi, katikati ya miti mikubwa kuliko nyumba. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisimama kando, mikono nyuma. Mbele yangu ajuza mmoja akainama, akapiga makofi mawili, taratibu. Rafiki yangu! Nilimwona bibi yangu.

Utotoni, kule kijijini Mbebe, kila Jumamosi nilikwenda naye kuokota kuni. Njia ilipita kando ya kijisitu walimozikwa wazee wa ukoo wa babu. Humo hakuna aliyekata hata fito. Kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi. Bibi alitua mzigo, akachuchumaa, akapiga makofi laini, kisha akanimegea kiazi cha kuchoma na safari ikaendelea.

Siku moja kwenye mafundisho ya kipaimara, mwalimu wa dini aliuliza nani amewahi kuona tambiko. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nikitaka sifa, nikasimulia makofi ya bibi. Jumapili jina la bibi likasomwa kanisani: asiikaribie Meza ya Bwana mpaka atubu.

Hakunigombeza. Alinipakulia ndizi na maharage kama kawaida, akasema, "Mume wangu, wale ni wakwe zangu. Nimewapita njiani, nisiwasalimie? Sasa nitubu salamu?"

Nilielewa: kwetu makofi ndiyo salamu ya heshima. Mbona hata mwalimu mwenyewe alimpigia makofi hayo hayo alipokutana naye kisimani? Ila niliogopa kurudi kwa mwalimu kusema nimekosea. Bibi akakaa benchi la nyuma, akiimba kwa sauti wenzake wakienda mbele, mpaka alipofariki.

Siku hizi kijisitu kimekuwa shamba la mikaratusi, na vijana husalimia kwa kupunga mkono juu ya bodaboda. Tuliporudi kutoka Japani nililieleza baraza la wazee wa kanisa kosa langu. Mchungaji, kijana mpole, akauliza nani mwingine aliyemfahamu bibi huyo. Nikamwambia wote waliomfahamu walikuwa wametangulia. Basi akasema tusimame, tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Tukasimama, watu saba ambao hawakuwahi kula mkononi mwake, na mimi.