Nusu ya Kitenge cha Mama Bahati

Weka huo mfuko chini kwanza, mwanangu. Umeniambia kesho unaenda kwa wakimbizi kukusanya sufuria zilizobonyea na viatu vya watoto kwa ajili ya maonyesho yenu ya sanaa, nami nimekumbuka siku ambayo kijana mmoja alitufikia kambini Sake na mfuko kama huo.

Nilikuwa msichana. Vita vilikuwa vile vya kwanza. Ninyi mmezaliwa katika vingine, na mimi siku hizi naanza kuvichanganya. Tulikimbia kwetu Karuba, huko Masisi, kwa miguu, mama akiwa amembeba mgongoni kitinda mimba wetu, Bahati, aliyekuwa na homa. Bahati akafia njiani. Sasa, kwa upande wa bibi zetu, mtoto akifa mbali na nyumbani mama hupasua kile kitenge alichombebea. Nusu humfunika mtoto kaburini. Nusu ya pili mama hubaki nayo, na siku akirudi kwake huizika shambani, hapo ndipo kilio kinapokwisha. Kabla ya hapo hanyoi nywele wala havai nguo ya rangi. Basi mama alifika Sake na nusu ya kitenge cha kijani chenye picha za redio ndogondogo.

Yule kijana alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, amesomea sanaa Kinshasa. Tulimwita Artisti. Alitaka kushona hema kubwa kama yale ya plastiki tuliyolala ndani yake, ila la vitenge vyetu: cha harusi, cha jubilei ya parokia, chenye sura ya rais, vyote pamoja, ili watu wa mjini waingie ndani waone tulivyokuwa tukiishi kabla mambo hayajaharibika. Lilikuwa wazo zuri, hata leo nasema hivyo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Mama, hii ya redio njo inanigusa sana," alisema. "Juu ya nini iko nusu?"

Mama akamweleza. Artisti akalia, tena machozi ya kweli, akala nasi viazi.

"Unikopeshe tu, Mama. Expo ya Goma ikiisha, nitairudisha miye mwenyewe."

Mama akampa. Usimcheke. Kwetu mtu aliyelia nawe katika kilio chako amekuwa ndugu, na ndugu hanyimwi.

Baadaye Karuba ikatulia kidogo, watu wakaanza kurudi mashambani. Artisti hakurudi. Mama akasema hawezi kupanda mlima wa kwetu mikono mitupu, kwa hiyo tukadandia lori la kabichi hadi Goma, tukaulizia mpaka tukaipata ile nyumba ya maonyesho.

Hema lilipendeza, mwanangu. Kwa dakika chache nilisahau kilichotuleta. Kisha nikaziona redio zetu, na chini yake karatasi ndogo. Mama hakujua kusoma, nikamsomea: "Nusu ya kitenge. Mwanamke asiyejulikana, Masisi."

Artisti akatuona, akaja mbio akifurahi, glasi mkononi. Mama akamwomba kitu chake.

"Mama, sasa haiko kitenge tena. Iko sanaa, na inaenda Ulaya. Nikitoa moja, yote inaharibika. Nitakupatia ingine ya mupya, ya muzuri kupita hii."

"Ya mupya haikubebaka mutoto wangu," mama akajibu. "Na hapa umeandika sijulikani. Weye ulikula viazi kwangu, Papa. Miye naitwa Mama Bahati."

Mimi nikaukamata mshono nikitaka kuukata kwa meno, na wageni wakarudi nyuma. Mama akanishika mkono. Alikuwa akiangalia kulikoshonewa: huku kitenge cha harusi cha Mama Furaha, jirani yetu wa kambini, huku cha bibi mmoja aliyekuwa amekwisha kufa.

"Ukivuta ya kwetu, ya benzetu itapasuka," akasema. "Acha."

Tukarudi Karuba mikono mitupu. Mama akapanda maharagwe yake. Hakunyoa. Hata siku ya harusi yangu alikaa na nguo yake nyeusi pembeni, na wakwe wakanong'ona kwamba ana mkosi. Tulimzika na nywele zile zile. Nina uchungu, mwanangu, wala usiniambie nisamehe, maana sijaona aliyekuja kuniomba.

Sikukatazi kwenda. Nenda, kwa kuwa tusipoonyesha sisi maisha yetu watayaonyesha wengine. Ila kabla ya kutia kitu cha mtu katika mfuko, muulize ni kazi gani bado anakingojea kifanye. Kama ipo, kipige picha, ukiache hapo hapo. Ukiahidi kurudi, rudi. Na chini ya kila kitu andika jina la mwenyewe, kama anavyopenda kuitwa.

Mungu akulinde katika barabara hiyo ya Sake, akupe mikono inayojua kushona, na moyo wa kufumua pale inapobidi. Na akikufikisha siku moja huko Ulaya, ukakutana na redio ndogondogo kwenye kitambaa cha kijani, usiombe ruhusa ya mtu. Simama mbele yake, useme kwa sauti wasikie wote: huyu ni Mama Bahati, wa Karuba.