Hozi Isiyo na Alama ya Njano

Nilipohamishiwa chumba cha upasuaji pale Bagamoyo nilikuwa muuguzi mchanga, na siku ya kwanza tu nikafundishwa kuogopa gagulo. Sista mkuu wa chumba kile, mama wa makamo mwenyeji wa Pangani, alitusimamisha mlangoni akauliza, "Nani kavaa nailoni ndani?"

Mwenzangu mmoja akainua mkono. Akarudishwa akalivue gagulo lake.

"Nailoni ukiivua haraka hutatarika," sista akatuambia. "Ule ni umeme. Nyumbani haudhuru, lakini humu mna etha ya kulazia wagonjwa usingizi, na oksijeni. Cheche moja tu, tumelipuka sote na mgonjwa."

Kwa sababu hiyo vitu vyetu vyote vya mpira vilikuwa vyeusi: viatu, godoro la meza, na hozi, lile bomba lililopeleka etha kwenye barakoa ya mgonjwa. Sista alitueleza kwamba mpira wa kawaida haupitishi umeme. Umeme ukizuka juu yake hukaa papo hapo, unasubiri pa kurukia. Kwa hiyo kiwandani huukanda mpira pamoja na masizi laini ya kaboni, mengi mpaka chembe zake zigusane toka mwanzo hadi mwisho, umeme upate njia ya kushukia sakafuni polepole. Masizi yakipungua, chembe hazigusani, na mpira unabaki mweusi wa rangi tu. Ule wa kweli ulitiwa alama ya njano.

Tangu hapo nikawa mtu wa wasiwasi. Hata nikitandika kitanda nyumbani nilisikiliza shuka.

Joto la pwani likaila hozi yetu, ikapasuka. Tukaletewa nyingine kutoka bohari ya Dar es Salaam, nyeusi tititi, inang'aa. Sista aliipeleka dirishani akaigeuza na kuigeuza. Alama ya njano haikuwapo.

"Labda wamesahau kuitia," daktari akasema.

"Labda," sista akajibu, akaifungia kabatini hadi fundi umeme wa hospitali aipime. Fundi alikuwa mazikoni Ubena, na ufunguo wa karakana yenye kipimo alikuwa nao yeye.

Kabla hajarudi, akaletwa wifi yangu kutoka Makurunge, juu ya lori la mihogo. Mtoto alikuwa amekwama, na yeye hana tena nguvu ya kulia. Kaka yangu alinikamata mkono barazani.

"Mdogo wangu, atapona?"

"Mwombee, kaka. Niache niingie."

Ndani, daktari alikuwa ameshaamua. Dawa ya ganzi ya kuchoma mgongoni ilikuwa imekwisha, na Dar es Salaam asingefika. Sista akafungua kabati, akaitoa ile hozi. Aliizungushia taulo lililoloweshwa maji ya chumvi yapitishayo umeme, ncha yake ikaburura sakafuni, na sakafu yenyewe tukaimwagia maji. Oksijeni, akasema, haitafunguliwa ila mgonjwa akizidiwa. Kisha akanigeukia.

"Wewe, mkono mmoja kwenye chuma cha meza, mwingine shavuni pake, umeme wake ushukie kwako. Usiondoe hata mmoja mpaka nikwambie."

Nikasimama hivyo. Harufu ya etha ikanijaa kooni. Daktari aliweka mkasi kwenye sinia, ukalia, nikadhani ndiyo cheche. Shavu la wifi lilikuwa la baridi. Nikamtazama midomo, nikaona inageuka rangi.

"Sista, midomo!"

Alishika kwanza chuma cha meza, kisha mtungi, akafungua. Oksijeni ikaanza kupiga mluzi mwembamba. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani, nikazichanganya, nikaanza upya. Jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kulipangusa.

Mtoto alipolia, hakuna aliyecheka. Sista alingoja midomo ya mama yake irudi, akafunga mtungi, ndipo akasema, "Alhamdulillahi. Wa kike."

Fundi aliporudi tulimpelekea hozi ile siku hiyo hiyo. Alishikiza nyaya za kipimo chake ncha huku na ncha huku, akazungusha mkono wa mashine. Mshale haukutikisika. Akazungusha tena.

"Sista, hii haipitishi kitu. Rangi tu hii."

Sista alikaa kwenye stuli, akaniomba maji. Alipomaliza kunywa alichukua mkasi akaikata hozi vipande, asije mtu akaitumia. Ikabidi tungoje nyingine, na wagonjwa wa kulazwa usingizi wakawa wanapelekwa Dar es Salaam kwa gari la hospitali.

Wifi alikaa nasi hadi kidonda kikafunga. Kaka alipokuja kumchukua alimpa kila mtu mkono, hata mfagizi, akaniuliza kama kazi ilikuwa ngumu. Nikamwambia ilikuwa ngumu kidogo. Akanipakatisha mtoto, nikambeba hadi nje kwenye lori, naye amelala fofofo.