Wimbo Niliompigia Papa Ngoyi

Jamani, niwaambie mwenyewe kabla watu wa sokoni hawajawaongezea chumvi: ndiyo, ni mimi, mpiga piano wa kwaya, mtu mzima mwenye watoto wanne, niliyesimamisha harusi ya mdogo wangu Mwamini mbele ya watu wa pande zote mbili za mto, na sikuisimamisha kwa ugomvi wala kwa kuangusha keki, niliisimamisha kwa vidole vyangu hivi kumi, huku nikitabasamu. Aibu ile bado ninayo. Nikilala inalala, nikiamka imeshaamka zamani inaningoja.

Lakini ili mnielewe (na mnihurumie kidogo, nawaomba) lazima turudi miaka ya vita, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mbili. Treni ilikuwa haifiki tena mjini kwetu Kindu, sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, ukuta kwa ukuta, palikuwa na chumba cha video kilichobaki na kanda moja tu. Moja! Ilikuwa filamu ya falme za kale, mapanga, farasi wenye mabawa, sijui na nini tena, nao wakaionyesha kila mchana mafuta ya jenereta yakipatikana, na vijana wa mtaa wakawa wanaingia kuitazama ileile kila siku kama wanaokwenda misa. Mimi sikuingia hata mara moja. Mama alisema mle ndani kuna mashetani, na Mama akisema, amesema. Kwa hiyo mimi filamu ile niliisikia tu, nimekaa nyuma ya ukuta na kinu changu, natwanga sombe, yaani majani ya muhogo.

Sasa, katika filamu ile kulikuwa na wimbo. Tarumbeta nzito, sauti nne zinapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi bila haraka, halafu zinashuka zote pamoja. Ukianza tu, mle ndani watu wote walipiga miguu chini na kupiga kelele, "Njo yeye! Anakuya! Njo yeye!" na ukuta wa shangazi ukatetemeka. Nikajua: huyu anayekuja ni mfalme. Nani mwingine atapokelewa hivyo? Nikaanza kumfuata kwa masikio. Akitajwa tu na watu wengine, nilisikia zile sauti mbili za kwanza, chinichini, kwenye nyuzi. Akikasirika, ngoma ziliingia. Na mwisho kabisa palikuwa na filimbi moja, peke yake, ikipiga wimbo uleule polepole mpaka ukakatika katikati, nami nikajua amekufa. Kila mchana alikufa, na kila mchana nililia juu ya sombe (shangazi akadhani ni moshi). Mle ndani walikuwa wakishangilia, nikawaona ni watu wasio na adabu.

Mtaniuliza, kwa nini hukumuuliza mtu yeyote? Kwa sababu shuleni nilikuwa nimeshasema uongo kwamba nimeiona mara tano, basi ningeuliza vipi? Uongo ule nikauzoea, nikakua nao, nikaolewa nao.

Tuje kwenye harusi. Mwamini alipata mchumba, Dieudo, kijana mzuri, fundi wa pikipiki. Baba yake ndiye Papa Ngoyi, mzee wa reli, wazazi wake walitoka Kasai zamani, naye amezaliwa hapahapa Kindu. Wakati wa vita alipoteza mke na mtoto wake wa kwanza katika msimu mmoja, homa tu, dawa hakuna, na kwa kuwa yeye alibaki hai watu wakaanza kusema. Mnajua wanavyosema kwetu. Wakasema amewala, yeye ni mulozi, mchawi. Miaka yote hii kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na benchi lile, hata siku ya Pasaka, liko na mtu mmoja.

Basi mzee akasema haji harusini. Dieudo naye akasema, baba asipoweka mkono juu ya vichwa vyetu mbele ya watu, miye siko na harusi, na Mwamini akawa anachoma maandazi huku machozi yanaingia kwenye unga. Nikaenda mwenyewe kumbembeleza. Nilimkuta anapiga pasi koti lake la reli la zamani, ambalo hakuwa na mpango wa kwenda nalo popote.

"Mama, miye nikiingia watu watanongona," aliniambia. "Mutoto wangu atasikia haya siku yake."

"Papa, kuya tu. Miye njo nitapiga piano. Hakuna muntu atanongona."

Akafikiri sana, akakubali, ila niahidi kwamba ataingia kimyakimya. Nikaahidi. Na njiani kurudi, juu ya pikipiki, nikaamua kuvunja ahadi. Ndiyo, uamuzi wenyewe ndio ule, mdogo, wa dakika moja: wazazi wengine wote waingie kwa wimbo wa kawaida wa kwaya, lakini mzee huyu aliyedharauliwa kiasi hiki mimi nitamwingiza kama mfalme. Nilikuwa na wimbo wa kifalme kichwani tangu utoto. Nikaufanyia mazoezi siku tatu, nikamwambia kila mtu ni siri (ningemwimbia hata mtu mmoja tu, ningepona).

Siku ikafika. Ukumbi wa parokia umejaa, saa tisa za mchana, jua kali, bafle, yaani spika, kubwa mbili kulia na kushoto. Protokoli, yaani mshereheshaji, yule mwenye mikro ya kusemea, alikuwa binamu yangu Saidi, mtu wa maneno mengi. Wazazi wetu wakaingia vizuri wakicheza. Kisha Papa Ngoyi akatokea mlangoni, koti limenyooka, kofia mkononi, macho chini. Nikabonyeza kitufe cha tarumbeta, nikaongeza sauti, nikapiga.

Sauti nne za kwanza hazijamalizika, nikasikia miguu. Watu wa rika langu, wale wa miaka ya vita, baba na mama wazima waliovaa vizuri, walikuwa wanapiga miguu chini kama zamani! "Njo yeye! Anakuya! Njo yeye!" Na mimi, mjinga wa wajinga, moyo ukanijaa furaha, nikasema moyoni, ona, wanakumbuka, wanampokea! Nikaongeza ngoma. Wengine wakaanza kujificha chini ya viti huku wanacheka, sikuelewa, nikadhani ni mtindo mpya, nikaongeza sauti tena. Na Saidi, kwa furaha ya kukumbuka utoto wake, akashika mikro kwa mikono miwili na kunguruma:

"Mujifiche! Mulozi anakuya!"

Neno lile. Kwa mtu yule. Kwenye mikro. Saidi mwenyewe akageuka, akaona ni nani amesimama mlangoni, na mikro ikamtoka mkononi ikagonga sakafu. Mimi vidole vilikuwa bado vinapiga, peke yao, mpaka Mwamini aliponipigia kelele kutoka kiti chake cha bibi harusi, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, acha! Acha sasa! Ile ni musiki ya mulozi wa filme! Ulisahabu?"

Sikuwa nimesahau, nilikuwa sijawahi kujua. Nilipoinua macho, Papa Ngoyi alikuwa ameshavaa kofia yake na kutugeuzia mgongo, na Dieudo amesimama, anavua maua ya kifuani. Nikaona harusi ya mdogo wangu inatoka nje kwa mlango ule.

Nikakimbia. Kwa viatu vya visigino, kitenge kikinibana, nikaruka waya wa bafle, nikaokota mikro, nikamshika mzee mkono wa koti, na kwa kuwa mikro ilikuwa inafanya kazi, yote niliyosema Kindu nzima iliyasikia.

"Papa, nisamehe. Miye sikuwahi kuingia mu ile video. Hata siku moja. Nilikuwa nasema bongo, nadanganya watu. Nilikuwa nyuma ya ukuta natwanga sombe, nasikia tu. Nilijua ni mufalme. Wote wanapiga miguu, miye najua ni mufalme! Hata alipokufa nililia. Kila siku nililia." Na hapo nikalia tena, pua na yote, mbele ya wakwe.

Mzee akanitazama. Kisha akawatazama wale watu wazima wanaotoka chini ya viti wakijipangusa magoti, hakuna hata mmoja aliyeweza kumtazama usoni.

"Hawa wote waliona," akasema polepole. "Weye peke yako ulilia."

"Ndiyo, papa."

Akavua tena kofia. "Basi rudia kwa piano yako. Piga ile ile. Miye nitaingia tena."

Akatoka nje. Nikarudi kwenye piano, nikapiga, sauti nne zikapanda, na hakuna mguu uliogusa chini. Mzee akaingia, kichwa juu, hatua moja kwa kila sauti, na watu wakaanza kusimama, mmoja mmoja, kisha wote. Saidi alikuwa wa kwanza, analia kama mtoto. Shangazi yangu, yule wa ukuta, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Papa Ngoyi akafika mbele, akaweka mikono yake miwili juu ya vichwa vya wale watoto, na hakuna aliyenong'ona.

Baadaye Dieudo aliitafuta ile filamu kwenye simu, na Jumapili moja tukaitazama uani kwa Papa Ngoyi, mimi kwa mara ya kwanza maishani. Wimbo ukaanza, mulozi akashuka ngazi, joho likimtatiza miguu. Mzee akasogeza simu karibu na macho, akatikisa kichwa.

"Huyu hajue kutembea. Miye niliingia vizuri kumupita."

Nimeapa mbele ya mapadri na watoto wangu: simpigii tena mtu wimbo kabla sijamwona mwenye wimbo kwa macho yangu. Ila siku hizi Papa Ngoyi anakaa benchi la tatu, katikati ya watu, na kila Jumapili akipita mlangoni vidole vyangu vinaniwasha kumpigia wimbo ule. Yeye anajua. Ananitazama, na kabla hajakaa ananitikisia kidole.